Jembe Lililoitwa Kuku

"Kuku," Sikio lilisema. "Nguzo ya Mkwaju. Hakuna hatari."

Somoe alikuwa ameinamia beseni akisuuza vikombe. Mikono yake ikatulia ndani ya maji. Kwenye ukuta wa kibanda, kipaza sauti kidogo cheupe kikanyamaza, kisha kikarudia kwa sauti ile ile ya upole, sauti ya mtu aliyeshiba asiye na haraka ya kwenda popote.

"Kuku. Nguzo ya Mkwaju. Hakuna hatari."

Mtumbati nzima haikuwa na kuku hata mmoja. Kideri kilikuwa kimepita mwezi uliotangulia. Kilianzia kwa Bi Sikudhani, kikateremka nyumba kwa nyumba mpaka bondeni, na kilipomaliza kazi yake mabanda yalibaki matupu, manyoya yakipeperuka nyuani. Watu waliamshwa na simu badala ya majogoo. Watoto waliulizia mayai. Kwa hiyo yeyote aliyekuwa akipekua udongo chini ya Nguzo ya Mkwaju asubuhi ile hakuwa na mbawa.

Somoe alilijua hilo. Tena alijua zaidi: hata kabla ya kideri, kuku wa Nguzo ya Mkwaju hawakuwa kuku. Neno lile lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyelifundisha Sikio kulitamka.

Alifuta mikono kwenye kanga, akachukua redio koli na chupa ya maji ya sabuni, akatoka. Hakukumbuka kufunga mlango.

Bomba kubwa la gesi lilitoka kwenye visima vya baharini, likapita chini ya ardhi ya Mtumbati, likaenda zake kaskazini hadi jijini, kwenye mitambo ya umeme na majiko ya watu. Ubavuni mwake ulilazwa uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele. Uzi ule ulihisi kila kilichotikisa ardhi juu yake: kwato za mbuzi, gurudumu la baiskeli, matone ya mvua ya kwanza. Lakini kuhisi ni jambo moja na kujua ni jingine. Ndiyo maana kila pande la bomba lilikuwa na mlezi, mkazi wa pale pale. Sikio, yaani mtambo uliousikiliza uzi ule, likisikia jambo geni liliuliza, "Hii ni nini?" Mlezi akajibu. Likipata jibu lile lile mara chache, liliacha kuuliza. Lilikuwa limeshajua. Na lilichokijua liliwaambia wenzake, pande kwa pande, mpaka mwisho wa bomba.

Somoe hakumaliza shule ya msingi, na kazi ile haikumtaka amalize. Wenye bomba walimchagua kwa kuwa hakuwa mtu wa kutokatoka wala wa maneno mengi. Kitu kimoja walikikazia kwenye mafunzo, naye hakuwahi kukisahau. Gesi haina harufu. Ile ya jikoni hunuka kwa sababu hutiwa harufu kituoni, makusudi, ili ikivuja mtu akimbie. Ile ya bomba kubwa huwa bado haijatiwa kitu. Inaweza kumzunguka mtu asijue, akapiga kiberiti awashe sigara yake.

"Pua zenu hazitawasaidia," mkufunzi aliwaambia. "Mna Sikio tu."

Alikaza mwendo mpaka kandambili zikawa zinampiga visigino.

*

Nguzo ya Mkwaju, moja ya nguzo zilizoonyesha njia ya bomba, ilisimama mahameni. Hapo ndipo ilipokuwa Mtumbati ya zamani, kabla bomba halijaja na watu kuhamishiwa ng'ambo ya barabara. Nyumba zilibomolewa, ikabaki misingi na minazi. Minazi ile haikuwa ya kuchuma tu. Mtoto wa Mtumbati kitovu chake kikidondoka, huzikwa kwenye ardhi ya babu zake, na juu yake hupandwa mche wa mnazi. Mnazi ule ni wake mpaka siku atakayozikwa yeye mwenyewe. Ng'ambo ya barabara ilikuwa ardhi ya kugawiwa, haikuwa na babu wa mtu yeyote. Mama gani angemzikia mwanawe kitovu kwenye kiwanja chenye namba?

Basi wakawa wanarudi mahameni kwa siri. Lakini mahame yote yalikuwa ndani ya mkuza, ule ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba, na kwenye mkuza jembe lilikuwa mwiko. Aliyekamatwa nyumba yake ilikatiwa gesi. Kijiji kikizidi ukaidi, kilihamishwa tena, mbali zaidi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Rukia, mdogo wake Somoe. Somoe alikuwepo. Alikuwa amempakata mtoto, Mfaume, mwekundu bado na mwenye harufu ya mafuta ya nazi. Rukia alipiga magoti akachimba kwa kijembe cha palizi, na Bi Sikudhani, mkunga aliyewapokea karibu wote waliokuwa pale, alishika mche. Redio koli ikauliza kiunoni mwa Somoe:

"Hii ni nini?"

Rukia akashusha kijembe. Macho yote yakamgeukia yeye, yeye ambaye kwenye shughuli za watu alizoea kukaa mwisho wa mkeka, karibu na viatu.

"Liambie ni kuku," alisema Bi Sikudhani. "Si tunapekua?"

Wote wakacheka. Somoe naye akacheka, akajikuta anasema, "Kuku."

"Kuku," Sikio likajibu kwa utii. "Hakuna hatari."

Walicheka mpaka Rukia akakaa chini. Jioni ile walimletea Somoe sahani ya ubwabwa kibandani. Baada ya wiki mbili akaja mwingine, kisha mwingine. Kila mara Sikio liliuliza, kila mara alilijibu, hata likaacha kuuliza. Wakaanza kumwita mama watoto. Yeye aliyefika umri ule bila mume wala mtoto, akawa ndiye anayempakata kila kichanga cha Mtumbati wakati mama yake anachimba. Kwenye harusi akavutiwa kiti.

Hilo ndilo lililomchoma sasa kuliko uongo wenyewe, alipokuwa akiruka msingi wa nyumba ya babu yake. Alikuwa amekipenda kile kiti.

*

Aliyekuwa shimoni alikuwa Chande, mume wa Rukia. Shimo lilimfika kifuani. Kando yake kulikuwa na mtungi wa udongo, na mche wa mnazi wenye makuti makavu kama karatasi.

"Shemeji!" Chande aliinua uso uliojaa jasho. "Usinitazame hivyo, nimeshamaliza."

"Toka humo."

"Mnazi wa Mfaume unakufa, hebu uone. Bi Sikudhani anasema mnazi wa kitovu ukifa mtoto hapati afya, na tangu aseme hivyo Rukia halali, na mimi silali. Sasa nafukia mtungi hapa pembeni, naujaza maji, yanapenya taratibu mpaka mizizini. Ila udongo huu, shemeji, mgumu kama..."

Aliinua mtaimbo, akaushusha mara moja ya mwisho. Ulitoa mlio ambao haukuwa wa udongo wala wa jiwe.

"Kuku," redio koli ikasema. "Hakuna hatari."

Chande akaangua kicheko. "Haya, nimeshakuwa kuku. Nitage?"

Somoe hakucheka. Alipiga magoti ukingoni. Mvua kali za miaka ya karibuni zilikuwa zimekula udongo wa mkuza, na bomba lililozikwa chini sana halikuwa tena chini sana. Ngozi yake nyeusi ilionekana kati ya miguu ya Chande. Mabomba ya siku hizi hayakuwa ya chuma. Yalikuwa nyuzi zilizogandishwa kwa utomvu, mepesi, yasiyoshika kutu, lakini aliyeyatengeneza hakufikiria mtaimbo wa baba mwenye hofu. Mstari mweupe ulikuwa umekatiza juu ya weusi ule.

Alimimina maji ya sabuni. Kwa muda kidogo hakukutokea kitu. Kisha povu likavimba, likapasuka, likavimba tena mahali pale pale, kwa mpigo wa kitu kinachopumua.

Tabasamu la Chande likaisha. Nyuma ya sikio lake alikuwa amechomeka sigara.

"Kiberiti kiko wapi?" Somoe aliuliza.

"Mfukoni."

"Kiache huko huko. Na simu usiiguse. Panda taratibu, njoo upande huu upepo unakotokea. Mtaimbo uache."

Alipanda. Akawa anajipangusa vumbi, tena na tena. Walikwenda mpaka kwenye msingi wa iliyokuwa madrasa ndipo Somoe akabonyeza redio koli.

"Ufa. Nguzo ya Mkwaju. Funga."

"Nafunga," Sikio likasema. Huko mbali, pande zote mbili za bonde, milango ya bomba ikajifunga, na gesi iliyokuwa ndani ikaanza kushuka nguvu. "Nimefunga. Mafundi wameitwa. Sababu?"

Chande akamshika mkono. "Sema mizizi."

Somoe alimtazama.

"Sema mizizi, shemeji, nakusihi. Mizizi ya mnazi imepasua bomba. Umeweza kusema kuku, utashindwa mizizi? Wakijua ni mimi nafungwa. Wakijua ni vitovu, wanatuhamisha wote. Rukia atakwenda wapi na yule mtoto?"

"Sababu?" Sikio liliuliza tena. Halikuwa na hasira. Halikujua hasira ni nini. Lilitaka kujua tu, kwa sababu kujua ndiyo kazi yake, na mtu wa kumuuliza alikuwa huyu mmoja.

"Sijui," Somoe akasema.

Halikuwa jibu la uongo kama lile la kuku, lakini majibu hayo mawili yalikuwa ndugu wa baba mmoja. Chande alishusha pumzi. Alitaka kumshukuru, akamwona uso, akaacha. Akaondoka akikata vichakani bila mtungi wake.

*

Injinia Atupele alifika kabla ya adhuhuri kwa kipanga, ndege ndogo ya mafundi isiyo na rubani. Alikuwa mwanamke wa Mbeya, mrefu, mwenye kofia ya kazi iliyochakaa, na alikuwa na tabia ya kumsalimia kila mtu kabla ya kuuliza kilichotokea. Mafundi wake wawili walizungusha kamba, wakapima hewa, wakateremka shimoni.

Kijiji nacho kilikuwa kimejaa nje ya kamba, kwa sababu majiko yote yalikuwa yamezimika kwa mpigo.

"Wali wangu umerudi kuwa mchele!" alilalamika mmoja.

"Wako mchele, wangu uji. Na wageni nimeshawakaribisha."

"Kawape na kijiko."

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Walikuwa wameuona mtungi na mche kando ya shimo. Rukia alikuwa katikati yao, Mfaume mgongoni. Hakumtazama dada yake.

"Shikamoo mama," Injinia Atupele alimwambia Bi Sikudhani aliyekuwa mbele kabisa. "Huu mche ni wa nini?"

"Marahaba mwanangu. Ni mnazi. Kwenu hakuna minazi?"

"Hatuna. Tuna ndizi."

"Poleni."

Injinia akatabasamu, akageuka akamchukua Somoe pembeni. "Dada Somoe, kwanza ahsante. Ufa ni mdogo, umeuwahi. Ungeachwa mpaka kesho tungekuwa tunaongea mengine hapa." Akashusha sauti. "Ni mtaimbo ule. Kuna mtu alikuwa anachimba, akakimbia. Hilo ni la polisi. Linalonisumbua mimi ni kwamba Sikio halikusema kitu. Limerekodi nini, unajua? Kuku!"

Somoe aliangalia chini. Kandambili yake moja ilikuwa imekatika ukanda. Hakujua ilikatika saa ngapi.

"Uzi umeharibika hapa," Injinia aliendelea. "Nitaukata kipande hiki nilaze kipya, kitachukua masomo kutoka kwa wenzake, na mambo yataisha. Wala usijilaumu hata kidogo. Mlezi hawezi kujua uzi ukiharibika."

Akamshika bega. Ulikuwa mkono wa mtu anayemfariji mwenzake, nao ulimwelemea Somoe kuliko mtungi uliojaa maji. Aliona jinsi itakavyokuwa. Uzi mpya, safi, utalazwa ardhini, utawauliza wenzake kila kitu ni nini, na wenzake watauambia kuku. Nayo hatia itakwenda kwa uzi wa kioo usio na mume wa kufungwa wala mtoto wa kuhamishwa. Hakuna aliyekuwa akimwuliza swali lolote. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na maisha yake yote alikuwa akisifiwa kwa kunyamaza.

"Tena nikuambie," Injinia alisema, kana kwamba amekumbuka jambo la kumchangamsha, "Sikio lako ndilo tunalolitolea mfano. Zamani mapande ya jijini yalikuwa yanatupigia kelele kutwa nzima, kila jogoo akipekua, sisi mbio. Siku hizi kimya. Masomo yako yametupumzisha. Hebu sikiliza."

Alibonyeza redio yake mwenyewe, kubwa zaidi, iliyopokea taarifa za bomba zima. Sauti ile ile ya upole ikaanza kusoma.

"Pande la Mto Mchanga. Mbuzi. Hakuna hatari. Pande la Viwandani. Lori. Hakuna hatari. Pande la Mji Mpya. Nyuma ya shule. Kuku. Hakuna hatari."

"Unaona?" alisema Injinia Atupele.

Somoe aliisogelea ile redio. "Naomba niisikie. Hiyo ya shule. Sauti yenyewe."

"Ya nini?"

"Naomba tu, Injinia."

Injinia akaifungua. Kutoka kwenye redio ikatoka sauti ya ardhi inayopigwa: pigo, pumziko, pigo, pumziko, kisha udongo ukitupwa pembeni. Ilikuwa sururu. Mtu alikuwa anapumua kati ya pigo na pigo. Mbali nyuma yake, hafifu kama mbu, watoto walikuwa wakiimba hesabu.

"Si kuku," Somoe akasema.

"Ati?"

"Si kuku. Wasimamishe. Ni mtu anachimba. Wasimamishe, Injinia, kuna watoto!"

Hakuwa amewahi kupaza sauti namna ile mbele ya watu. Nje ya kamba watu wakasogea mbele. Injinia Atupele alimtazama mara moja, akageukia redio akaanza kutoa amri kwa haraka. Walingoja. Fundi mmoja alitoa kichwa shimoni kuuliza kuna nini. Hatimaye sauti ya mwanamume ikakwaruza kutoka jijini: walikuwa vibarua wakichimba shimo la choo cha shule. Walikuwa wameshafika kwenye mchanga mwekundu unaowekwa juu ya bomba. Wamesimama. Watoto wanatolewa.

Injinia akavua kofia. "Umejuaje?"

Hapo ndipo angeweza kusema amehisi tu. Angesema ni bahati. Alimwona Rukia nje ya kamba, akitikisa kichwa polepole sana, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Uzi haujaharibika," Somoe alisema. "Mimi ndiye niliyelifundisha Sikio. Kila jembe la hapa niliita kuku. Uzi ni mzima. Mbovu ni mimi."

*

Alitamani afokewe. Injinia Atupele hakufoka. Alikaa juu ya msingi wa nyumba ya mtu, kofia magotini, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nawafundishia walezi wapya kwa jina lako." Basi. Ilikuwa ile *nilikuwa* iliyomwingia.

Kisha akaeleza kinachotakiwa. Sikio halikubali kusahihishwa na mtu mwingine. Aliyelifundisha ndiye huyo huyo wa kulifundisha upya, kwa sauti yake, pigo kwa pigo, nalo litawapelekea wenzake. Tena lifanyike sasa hivi, si kesho, maana huko kwingine majembe hayakuwa yanangoja.

"Niende kibandani?" Somoe aliuliza. Kibandani kulikuwa na mlango.

"Hapa hapa. Lazima uwe juu ya ardhi yenyewe."

Basi akasimama mahameni, mbele ya watu wote wa Mtumbati, redio koli mkononi, kandambili moja mguuni.

"Sikio," alisema. "Nilikosea. Nirudishie kuku wote wa Nguzo ya Mkwaju."

"Narudisha," Sikio likasema. "Hii ni nini?"

Likapiga sauti ya kwanza. Kijembe cha palizi, chepesi, cha mtu anayechimba akiwa amepiga magoti. Na juu yake vicheko. Wanawake wakacheka ndani ya redio koli, na kati yao ikasikika sauti yake mwenyewe Somoe, sauti ambayo hakuwahi kujua kuwa anayo, nyepesi, iliyojaa furaha ya mtu aliyekaribishwa: *Kuku.*

Nje ya kamba Rukia alijifunika uso kwa upande wa kanga.

"Jembe," Somoe alisema. Akaisogeza redio koli mdomoni. "Jembe. Hatari."

"Hii ni nini?"

Ya pili. Hii ilikuwa ya mwanamke mzito, aliyeguna kila akiinua mkono. Watu wote walimjua. Yeye mwenyewe alijijua, akatazama pembeni.

"Jembe. Hatari."

"Hii ni nini?"

Iliendelea. Sikio halikuuliza majina, naye Somoe alilishukuru kwa hilo, lakini kila aliyekuwa pale aliisikia siri yake ikifukuliwa na kuitwa hatari: dua iliyosomwa, kichanga kilicholia, mama mkwe aliyesema chimba vizuri bwana. Na kila mara, mwishoni, ile sauti yake yenye furaha. Mara ya kwanza watu walimtazama kwa hasira. Baadaye waliacha kumtazama, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Ya mwisho ilikuwa ya mtaimbo. "Haya, nimeshakuwa kuku. Nitage?" redio koli ikauliza kwa sauti ya Chande, na hakuna aliyecheka.

Injinia Atupele akainua kichwa. Hapo ndipo Bi Sikudhani alipovuka kamba. Fundi alitaka kumzuia, bibi akamsogeza kwa mkono kama pazia.

"Mwanangu," alimwambia Injinia, "neno kuku nililitoa mimi. Huyu alilirudia tu. Tena yule aliyechimba, nilimtisha mimi kwa habari za mnazi. Mnaandika? Andikeni Sikudhani."

"Bibi, mimi ndiye mlezi," Somoe alisema.

"Nyamaza wewe. Umeshasema vya kutosha leo."

*

Chande alijipeleka mwenyewe siku ya pili, akafungwa miezi michache. Mtumbati haikuhamishwa. Injinia Atupele aliisemea, kwa namna gani Somoe hakujua na hakuthubutu kuuliza. Lakini gesi ya majikoni ilikatwa msimu mzima, na moshi wa kuni ukarudi, na kila asubuhi Somoe aliwasikia wanawake wakikohoa upande wa pili wa ukuta wake. Miche iliyokuwa hai iling'olewa pamoja na udongo wake, ikabebwa kwenye kanga kuvushwa barabara. Hakuna aliyemwita kushika upande wa kanga. Mche wa Mfaume haukufika.

Aliomba aachishwe kazi. Injinia alimkatalia kwa maneno machache: Sikio lilijua sauti yake peke yake, na kulilea upya kungechukua miaka. Basi akabaki. Kwenye shughuli za watu alirudi mwisho wa mkeka, karibu na viatu, siku ambazo alialikwa. Rukia alimjibu salamu, basi.

Lakini kilichombadilikia zaidi hakikuwa cha watu. Tangu siku ile ya mahameni, kila alipolijibu Sikio, lilingoja kidogo. Kisha liliuliza swali ambalo hakuna aliyelifundisha.

"Mbuzi," angesema Somoe.

"Una hakika?"

"Mvua."

"Una hakika?"

Halikuwa na kinyongo. Sauti ilikuwa ile ile ya upole. Lilikuwa limejifunza jambo jipya kuhusu dunia, kwamba Somoe anaweza kusema kisichokuwepo, na lilikuwa linalitumia somo hilo kama lilivyotumia mengine yote. Wiki za mwanzo alikuwa akilia kila likimwuliza. Baadaye akawa anajibu tu.

Mvua za vuli zilipoisha, mtu mmoja alileta kuku na vifaranga kutoka mji wa wilaya, na mabanda ya Mtumbati yakaanza tena kelele. Somoe alikuwa anasuuza vikombe.

"Nguzo ya Mkwaju," Sikio likasema. "Hii ni nini?"

Ilikuwa sauti ndogo, ya haraka haraka, isiyopumzika. Aliijua. Mtu yeyote angeijua.

"Kuku," alisema.

Sikio likangoja.

"Una hakika?"

Alifuta mikono kwenye kanga. Jua lilikuwa kali na mahame hayakuwa karibu. Alivaa viatu, akavuka barabara, akapita mbele ya nyumba ya Rukia ambako mlango uliachwa wazi na mtoto alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika kizingiti, akaenda mpaka kwenye nguzo. Pale penye udongo uliofukiwa upya alikuwepo tetea mwekundu na vifaranga vyake, akipekua kwa juhudi zote. Somoe alisimama akamtazama mpaka tetea alipoinua kichwa naye akamtazama.

Kisha akabonyeza redio koli.

"Nimemwona," alisema. "Ni kuku."